Maswali ya Wasomaji: Mjakaranda na Kivuli cha Haraka Jijini

Tangu mijakaranda ya Nairobi ianze kuchanua Septemba, barua nyingi zinazofika kwenye ukurasa huu zinauliza kuhusu mti huo, na chache zinauliza kuhusu terminalia na mgunga. Tumezisoma zote, tukachagua zile ambazo jibu lake litamfaa hata jirani wa aliyeuliza. Jambo moja limejirudia karibu katika kila barua: mti unaokua haraka huharibikiwa mapema, kwenye shimo, kwenye mfuko wa kitalu na kwenye panga la miaka mitatu ya kwanza, ila madhara yenyewe huonekana baadaye sana.

Hamjambo. Ploti yangu iko Utawala na udongo ni ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Nimepanda mjakaranda mara mbili, zote mwezi wa Aprili. Nilichimba shimo la futi tatu na kulijaza samadi kama nilivyoshauriwa. Mche huchipua vizuri, halafu ikifika Juni majani yanakuwa manjano na kudondoka. Nikiuongezea maji ndipo unakufa haraka zaidi. Nakosea wapi? – Msomaji, Utawala

Ndugu msomaji, mti wako unakufa kwa maji mengi, wala hukosi bidii. Udongo mweusi wa mfinyanzi hupitisha maji polepole mno. Ukichimba shimo la futi tatu katikati yake na kulijaza samadi nyepesi, umetengeneza karai: mvua yote ya Aprili na Mei inaingia humo na haina pa kutokea. Mizizi inakosa hewa, inaoza, na mzizi uliooza hauwezi kupandisha maji. Ndiyo maana majani yananyauka kana kwamba mti una kiu, nawe ukiuona hivyo unaumwagia mtungi mwingine. Ukitaka kuhakikisha, ng'oa mche uliokufa uangalie mizizi. Ikiwa ni myeusi, laini, inanuka, na ganda lake linavuka ukilivuta kwa vidole, ni maji.

Kabla ya kupanda tena, pima udongo. Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 45, ukijaze maji, uyaache yaishe yote, kisha ujaze mara ya pili. Mara hii ya pili ndiyo ya kupima. Simamisha rula ndani na usome baada ya saa moja. Kama maji yameshuka chini ya sentimita 2.5, usipande mjakaranda shimoni hapo, hata ukiongeza samadi kiasi gani. Panda juu ya tuta.

Tuta la mviringo lenye kimo cha sentimita 40 na upana wa mita 2 chini linatosha. Palilia majani yote, kisha legeza udongo wa mahali hapo kwa jembe la meno hadi sentimita 20 bila kuuondoa. Utahitaji wilibaro 14 hivi za udongo: 9 za udongo mwekundu, 3 za huo mweusi wako, na 2 za samadi iliyooza ikawa nyeusi na haina harufu. Changanya tabaka la chini la tuta na udongo ule uliolegeza. Usiache mpaka mkali kati ya mwekundu na mweusi, kwa sababu maji husimama kwenye mpaka huo na mizizi hukataa kuuvuka. Panda mche kileleni, pale shina linapokutana na mizizi pakiwa sentimita 5 juu ya udongo, maana tuta litashuka likishapigwa na mvua. Zungushia mfereji mdogo wenye njia ya kutokea upande wa chini wa ploti.

Tuta lina gharama yake: hukauka upesi Januari na Februari. Katika kiangazi cha kwanza mpe mti lita 20 mara mbili kwa wiki, zikimwagwa polepole, na uweke matandazo ya nyasi kavu au majani yenye unene wa sentimita 8, yakianzia sentimita 10 kutoka kwenye shina. Matandazo hayo yana kazi nyingine kwenye udongo wako. Nyufa za kiangazi hukata mizizi midogo kabisa, na udongo uliofunikwa haupasuki sana.

Kama kazi hiyo yote ni nzito, tungekushauri uachane na mjakaranda, upande mgunga wenye gome la manjano, ule unaouona kandokando ya Ziwa Naivasha. Ni mti wa kwetu, hukua haraka, na huvumilia udongo mweusi na maji ya msimu. Miiba yake ni mirefu, kwa hiyo usiupande mahali watoto wanapochezea wala pembeni mwa njia.

Nimeokota maganda ya mjakaranda barabarani nikapanda mbegu, lakini hazikuota. Mbegu za mjini ni nzima kweli? – Mwanafunzi, Kahawa West

Ni nzima, na mjakaranda ni mmoja wa miti rahisi kuotesha. Tatizo huwa ni maganda yaliyookotwa. Ganda lililokwisha kufunguka limeshapoteza mbegu zake nzuri, kwa kuwa ni nyepesi na zina mbawa, hupeperushwa mara tu ganda linapoachana. Chuma maganda yaliyogeuka kahawia yakiwa bado yamefunga, uyaanike kivulini juu ya gazeti mpaka yapasuke yenyewe. Mbegu nzuri ina kiini kigumu katikati unachokihisi kwa kidole. Isiyo na kitu hicho ni utando mtupu, itupe.

Loweka kwa saa 24 katika maji ya kawaida. Tengeneza mchanganyiko wa sehemu tatu za udongo mwekundu, moja ya mchanga wa mto na moja ya samadi iliyooza na kuchekechwa. Laza mbegu juu, ufunike kwa milimita 3 hadi 5 tu za udongo. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuzifukia sana. Nyunyizia maji kwa kopo lenye matundu madogo ili yasizifukue. Zitaanza kuota baada ya siku 10 hadi 21, na katika baridi ya Julai zitachelewa. Miche ikiota, mwagilia asubuhi badala ya jioni. Udongo unaolala umelowa huleta ukungu unaokata vijishina vichanga kwenye usawa wa udongo, na utakuta vimelala vyote kwa usiku mmoja.

Hamishia kila mche kwenye mfuko wake ukiwa na majani mawili au matatu ya kweli. Kila mwezi inua mfuko na ukate mizizi inayochungulia chini. Mche wa sentimita 40 uko tayari kwenda shambani. Usiuache mfukoni hadi ufike mita moja kwa kufurahia urefu wake.

Ukihitaji mbegu za aina nyingine pamoja na maelezo yake, kituo cha mbegu za miti cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kilichoko Muguga huuza kwa kipimo.

Tumenunua ploti ya futi 40 kwa 80 Kasarani na tumemaliza nyumba. Mume wangu anataka mjakaranda mbele, mimi naogopa mizizi. Wengine wanatuambia tupande terminalia. Nani ana haki? – Mama wa nyumba mpya, Kasarani

Mama, hofu yako ina msingi, ingawa mizizi ni sehemu tu ya hesabu. Futi 40 ni mita 12. Mjakaranda uliokomaa hutandaza matawi kati ya mita 8 na 12, na hupanda mita 15 au zaidi. Yaani mti mmoja utafunika upana wote wa ploti yenu, upitilize kwa jirani, ufike kwenye nyaya za umeme na ujaze maua kwenye mifereji ya paa. Mtalazimika kuukata kila mwaka, na mjakaranda unaokatwakatwa ni mti usiopendeza na wa hatari. Tutaeleza sababu kwenye jibu linalofuata.

Vipimo tunavyopendekeza kwa mjakaranda ni mita 6 kutoka ukuta wa nyumba, mita 8 kutoka tangi la maji taka na bomba lake, na mita 3 kutoka ukuta wa mpakani. Chini ya nyaya za umeme usipande mti wowote utakaozidi mita 4. Pima kwa futi yako uone kama kuna mahali panapobaki. Kwa ploti nyingi za 40 kwa 80 hapabaki.

Terminalia ile ya matabaka, ambayo asili yake ni Madagaska, inaruhusu nafasi ndogo zaidi. Hutoa matawi kwa ghorofa, tabaka juu ya tabaka, na kivuli chake ni chepesi. Hata hivyo nayo hufikia mita 10 na kupita, kwa hiyo iwe mita 4 kutoka nyumbani. Usikate ncha yake ya juu kamwe, kwa kuwa ukiikata hupati tena matabaka.

Kuna jambo lingine linalohusu nyumba zilizojengwa kwenye udongo mweusi. Udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mti mkubwa karibu na msingi hunyonya maji wakati wa kiangazi na kuufanya udongo usinyae zaidi upande mmoja, ndipo kuta zinapochora nyufa za mshazari kuanzia kwenye pembe za madirisha. Mizizi haikuvunja msingi, udongo ndio ulioondoka chini yake. Kama ploti yenu ina udongo huo na msingi haukuchimbwa hadi kwenye mwamba au murram, wekeni umbali usiopungua kimo ambacho mti utafikia. Hapo mlimau na mpera vitawatosha kwa kivuli cha viti viwili na meza, na mtavuna pia.

Mjakaranda wetu wa Lang'ata una miaka kama 15. Miaka miwili iliyopita tulimwita fundi wa bustani aupunguze, akakata matawi yote makubwa yakabaki magutu. Sasa umeota fimbo nyingi zinazosimama wima, umekuwa mrefu kuliko mwanzo, na mwaka huu haukutoa maua ya maana. Tufanye nini? – Mzee, Lang'ata

Mzee wetu, pole. Hili ndilo jeraha linaloonekana zaidi kwenye mijakaranda ya jiji hili, na linatuuma kwa sababu huwa ni kazi ya siku moja inayochukua miaka kurekebishwa.

Kinachotokea ni hiki. Mti hutengeneza chakula chake kwa majani. Ukiondoa majani yote kwa pamoja, huamsha machipukizi yaliyolala chini ya gome na kuyasukuma juu kwa nguvu ya akiba iliyobaki mizizini. Ndizo hizo fimbo. Tawi la kawaida hukua pamoja na shina kwa miaka, mbao zake zikishikana na za mama tangu ndani. Fimbo hizi zimeshikilia kwenye tabaka la nje tu la gutu. Wakati huohuo gutu lenyewe linaoza kutoka kwenye kidonda kikubwa kisichoweza kuziba. Baada ya miaka mitano hivi mtakuwa na matawi mazito yaliyoshikwa na mbao mbovu, na mbao ya mjakaranda si ngumu hata ikiwa nzima. Tawi la namna hiyo huweza kuanguka siku isiyo na upepo.

Msikate fimbo zote kwa mpigo, mtaanzisha mzunguko uleule. Kazi hii igawanywe kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza, kwenye kila gutu chagueni fimbo mbili au tatu zenye afya, zilizoinama kidogo kuelekea nje na zilizo mbali kwa mbali. Ondoeni theluthi moja ya zilizobaki, mkianza na zile nyembamba na zinazosuguana. Zile zinazoshindana na mlizochagua zifupisheni kwa nusu. Mwaka wa pili ondoeni theluthi nyingine. Mwaka wa tatu bakisheni zile teule peke yake, na kwenye gutu lililooza sana bakisheni moja au msibakishe kitu. Mwaka wowote ule, msiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti mzima.

Tawi nene kuliko kifundo cha mkono likatwe kwa msumeno, mara tatu. Mkato wa kwanza uwe chini ya tawi, sentimita 30 kutoka kwenye shina, uingie theluthi moja ya unene. Wa pili uwe juu, sentimita 5 mbele zaidi ya ule wa kwanza. Hapo tawi litavunjika na kuanguka bila kuchuna gome hadi shinani. Wa tatu ni wa kuondoa kipande kilichobaki. Tazameni pale tawi linapoungana na shina: pana uvimbe wenye mikunjo kama kola ya shati. Kateni nje kidogo ya uvimbe huo, msiukate wenyewe na msiache kisiki. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda. Msipake rangi, lami wala oili chafu, kwa kuwa hufunga unyevu ndani na kuoza kunaendelea gizani.

Wakati mzuri ni kiangazi, Januari hadi Februari. Mkikata Julai au Agosti mtaondoa ncha ambazo zingetoa maua Septemba. Panga msilitumie hata kidogo, linapasua badala ya kukata. Ikiwa tawi lolote liko karibu na waya wa umeme, acheni kabisa na mwite kampuni ya umeme.

Kwa wasomaji wengine wenye miti michanga, haya yote yanaepukika. Kuanzia mwaka wa kwanza acheni shina moja tu liongoze. Mjakaranda hupenda kugawanyika njia panda, na panda nyembamba yenye gome lililobanwa katikati hupasuka mti ukizeeka. Likitokea shina la pili linaloshindana na la kwanza, lifupisheni kwa nusu likiwa bado na unene wa kidole. Tawi lolote lisizidi nusu ya unene wa shina pale linapoota. Mkitaka watu wapite chini, tawi la kwanza la kudumu liwe mita 2.5 juu, lakini msinyoe yale ya chini mapema. Yafupisheni tu, kwani ndiyo yanayonenepesha shina, kisha myaondoe kidogo kidogo hadi mwaka wa nne.

Kwa nini mjakaranda wangu hautoi maua? Nilipanda mche miaka mitano iliyopita. Una afya, majani ni ya kijani kibichi, na naupa mbolea ya CAN kila ninapoiweka kwenye nyasi. – Msomaji, Ruaka

Dada au kaka, umejijibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Naitrojeni ya CAN inauambia mti uote majani, nao unatii. Nyasi zinazomwagiliwa mwaka mzima nazo zinauzuia kupata kile kipindi cha ukavu kinachoutangulia msimu wa maua. Acha kuweka mbolea ndani ya eneo lote lililo chini ya matawi, toa nyasi kwenye duara la mita 1.5 kuzunguka shina na uweke matandazo badala yake. Kuanzia Juni usiumwagilie.

Pia miaka mitano ni michache. Mjakaranda uliooteshwa kwa mbegu mara nyingi husubiri miaka saba hadi kumi, na hasa ukiwa kwenye kivuli cha ghorofa, kwa sababu unahitaji jua lisilopungua saa sita kwa siku.

Korti yetu ya nyumba hapa Donholm ina miti miwili kwenye maegesho. Magari yanajaa utomvu unaonata, na kabro, yale matofali yaliyotandazwa chini, zimeanza kuinuka. Wakaazi wanataka ikatwe. Kuna njia nyingine? – Katibu wa wakaazi, Donholm

Ipo. Kile kinachonata kwa kawaida si utomvu wa mti. Vidukari na wadudu magamba hunyonya majani machanga na kudondosha maji matamu, na baadaye ukungu mweusi huota juu yake. Geuza majani ya chini utawaona wamejipanga. Wakiwa chini ya mita 4, wanapigwa na mpira wa maji wenye nguvu asubuhi mbili au tatu za wiki hiyo. Tafuteni pia sisimizi wanaopanda shina. Sisimizi huwalinda vidukari kwa ajili ya utamu huo, na wakizuiwa, wadudu wanaokula vidukari watafanya kazi yenyewe. Fungeni shinani utepe wa kitambaa wenye grisi juu yake, wenye upana wa sentimita 10, na mwondoe baada ya mwezi ili usikabe gome. Kupiga dawa mti wa mita 10 katikati ya nyumba za watu hatukushauri.

Kabro zimeinuka kwa sababu udongo chini yake umeshindiliwa, kwa hiyo hewa na maji vinapatikana tu pale juu, na mizizi inafuata huko. Ondoeni kabro katika mraba wa mita 1.5 kila upande wa shina. Jazeni vipande vya mbao au majani makavu, kisha pandisheni ukingo mdogo ili magari yasikanyage. Kabro zilizo nje ya mraba zinaweza kupangwa upya juu ya mchanga mzito zaidi. Msikate mzizi wenye unene wa zaidi ya sentimita 5 ulio karibu na shina, huo ndio unaoshikilia mti.

Kama wakaazi bado wanasisitiza, kumbukeni kwamba ndani ya Nairobi mti haukatwi kiholela. Anzeni kwa ofisi ya mazingira ya kaunti mpate kibali cha maandishi.

Mchwa wamenimalizia miche sita ya mjakaranda na mwerezi huku Ruai. Nimewekea jivu. – Mkulima, Ruai

Jivu husaidia likiwa kavu tu. Mvua moja na kazi yake imekwisha. Mchwa hupenda mti wenye kiu na chakula kikavu kilicho karibu nao. Angalia mambo matatu: samadi iliyowekwa shimoni ikiwa bado na majani makavu yasiyooza, matandazo yaliyogusa shina, na kijiti cha kuegemeza kilichooza. Ondoa vyote hivyo. Acha duara tupu la sentimita 15 kuzunguka shina, mwagilia kwa ratiba bila kukosa, na kila Jumamosi vunja njia zao za udongo zinazopanda gomeni kabla hazijafika juu. Panda Aprili badala ya Novemba. Mche wa Novemba unakutana na joto la Januari kabla haujashika ardhi, ndipo mchwa wanapoukuta dhaifu. Ule wa Aprili unapata miezi ya baridi ya kujenga mizizi.

Na kwa wawili mliouliza kuhusu kupaka shina chokaa: haidhuru, lakini haizuii mchwa. Rangi ya mafuta msipake.

Mvua kubwa za 2024 zililaza kidogo mjakaranda wetu mkubwa hapa Kileleshwa. Tangu hapo haujasogea. Nitajuaje kama ni salama? – Msomaji, Kileleshwa

Mti ulioota ukiwa umeinama tangu utotoni ni kitu kimoja, na ulioinama ghafla ni kingine kabisa. Wa kwanza shina lake hujipinda kuelekea juu kufuata mwanga. Wa pili umenyooka tu, lakini umelala wote kwa pamoja, na huo ndio wako.

Nenda upande ulio kinyume na mwinamo. Tafuta udongo uliopasuka kwa upinde, uvimbe wa ardhi, au nafasi kati ya udongo na mizizi minene. Gonga shina kwa nyundo ya mbao kuanzia chini hadi kimo cha kifua: mlio mzito ni mbao nzima, mlio wa ngoma ni uwazi. Angalia uyoga unaoota kwenye kitako au juu ya mizizi, hasa ule mgumu wa kahawia unaokaa mwaka mzima, kwa kuwa ni dalili kwamba kuoza kumeshafika ndani. Kisha siku ya upepo simama mbali uangalie kitako badala ya matawi. Kama udongo unapanda na kushuka, ondoa magari na watu chini yake siku hiyohiyo, na uombe kibali cha dharura.

Kama hakuna dalili hata moja, pima mwinamo. Funga uzi wenye jiwe kwenye shina kwa kimo cha mita 2, uweke alama ya rangi pale jiwe linapogusa, na urudie kila mwezi na baada ya kila mvua kubwa. Alama ikihama, mti unaendelea kuanguka, ila polepole.

Ukilazimika kuukata, usiuchome kuni kabla ya kuuliza wachongaji vinyago. Mbao ya mjakaranda hutumika sana humu nchini badala ya mpingo na muhugu, ambayo imekatwa hadi ikaadimika. Kisiki king'olewe pamoja na mizizi mikubwa, na mti mpya usipandwe kwenye shimo hilohilo. Sogea mita 3, kwa kuwa mizizi ya zamani inayooza chini hushuka na kuuacha mche ukining'inia, na uyoga ulioua wa kwanza bado uko pale. Nunua mche wa sentimita 45 badala ya ule wa mita 3 ulioko kwenye pipa. Upasue mfuko kwa wembe pande mbili, utazame mizizi, na ile inayozunguka ukutani mwa mfuko uichane kwa wima mara nne kabla ya kufukia. Mche mdogo wenye mizizi iliyonyooka huupita ule mkubwa ndani ya miaka michache, na hautalala mvua kubwa zikirudi.